Alama za Vidole Ndani ya Dohani

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2014. Asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, mweupe kama chumvi iliyomwagwa. Anga ilikuwa tupu, haina hata wingu la ukubwa wa kiganja, na upepo ulishuka kutoka mlimani, mkavu, wa kukata masikio. Kisimani, 'Makhauhelo aliipiga barafu kwa kisigino cha buti mara tatu ndipo maji yakajitokeza.

Alikuwa ameshika kata mkononi aliposikia tarishi wa Morena, chifu wa kijiji, akinadi kutoka ng'ambo ya zizi.

"Enyi watu wa Ha Rantsimane! Jumamosi ni baraza! Mbele ya nyumba ya mawe, jua likishapanda! Morena 'Masechele ataamua habari ya dohani! Saruji imeshafika!"

Neno hilo la saruji lilimwingia 'Makhauhelo kuliko baridi. Mtu anayetaka kusikiliza haleti saruji kwanza.

Kijiji kizima kilikuwa na dohani moja tu. Watu waliota moto katikati ya sakafu, katika vibanda vya duara, na moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi za paa. Lakini nyumba ya mawe, iliyojengwa zamani na mapadre, ilikuwa na meko ndani ya ukuta na dohani iliyosimama juu ya bati. Humo ndimo Mwalimu Relebohile, binti kijana, alimofundisha watu wazima kusoma, kila jioni, kwa miaka mitatu. Walikuwa kumi na mmoja, na mkubwa wao alikuwa 'Makhauhelo, mwenye miaka hamsini na minane.

Kisha Julai ya mwaka uliopita dohani ikashika moto. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Cheche zikaruka juu, zikatua kwenye rundo la mabua ya Ntate Sekake nyuma ya nyumba, na chakula cha ng'ombe wake cha majira yote ya baridi kikateketea kwa muda wa sala moja fupi. Kabla Agosti haijaisha, maksai wake wawili walikuwa wamekufa kwa njaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto mle ndani. Kiangazi walisoma bila moto, wala halikuwa tatizo. Lakini sasa baridi ilikuwa imerudi, na katika milima ile vidole visivyo na moto havishiki kalamu. Dohani ikizibwa, na shule imezibwa.

Naye 'Makhauhelo alibakiza kidogo tu kujua kusoma. Kwa miaka ishirini aliwaongoza akina mama wa sala ya Alhamisi kwa kukariri, kitabu kikiwa mkononi kama pambo. Alhamisi moja alikishika kichwa chini miguu juu. Mwanamke mmoja alicheka, wengine wakatazama chini, na hao waliotazama chini ndio waliomuuma zaidi. Wiki hiyo hiyo alijiandikisha. Sasa alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akikwama kwenye maneno marefu. "Majira mengine ya baridi, mama," Mwalimu alimwambia, "nawe utasoma kama unavyoongea." Katika umri wake, majira ya baridi si kitu cha kumkopesha mtu.

Ntate Sekake alikuwa anawashusha punda wake wanywe. Alikuwa mtu mrefu, blanketi lake amelibana begani kwa pini kubwa, na tangu maksai wake wafe alikuwa na namna ya kuongea huku akitazama mbali.

"Umesikia, 'M'e?" alimuuliza. Kwao, 'M'e ni mama na Ntate ni baba.

"Nimesikia, Ntate. Masikio yameganda lakini bado yanafanya kazi."

"Basi Jumamosi tunalifukia lile shimo la mapadre. Babu zetu waliota moto chini, mahali pa moto. Nani aliwahi kuona moto unapanda ukutani kama panya?"

"Na babu zetu walikuwa na macho mekundu toka Mei mpaka Septemba."

"Macho mekundu hayaui ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa wamekufa kweli.

"Kosa ni la huyo mwalimu wenu," Sekake aliendelea. "Alichoma kuni mbichi. Mwenyewe alikiri mbele ya Morena."

"Alikiri kwa sababu aliulizwa nani mwenye shule. Ntate, hebu niambie. Dohani ikisafishwa, ikatengenezwa, ikawashwa mbele ya macho yako na isifanye kitu, bado utataka izibwe?"

Sekake akamtazama kwa mara ya kwanza. "Aisafishe nani? Wewe? Utapanda juu ya bati na sketi yako ya sala?"

"Sketi nitaiacha nyumbani. Nitavaa suruali ya marehemu mume wangu."

Wanawake waliokuwa kisimani wakapasuka kwa kicheko, na hata punda mmoja akainua kichwa. Sekake hakucheka, lakini alisema, "Haya. Jumamosi tutakuona na hiyo suruali."

*

Alikwenda moja kwa moja kwa Fusi, mdogo wa marehemu mume wake. Fusi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika nyumba ya wageni ng'ambo ya mto, kwa Makaburu. Kila asubuhi ya baridi aliwasha meko manane, na kila mwaka baridi ilipokaribia alisafisha dohani nane. Kazi hiyo ilikwisha siku alipoteleza kutoka paani. Alirudi nyumbani na goti lisilokunjika na maneno mengi.

"Shemeji!" alimwita kutoka mlangoni, akiota jua. "Umekuja kuniposa hatimaye?"

"Ningekuposa ungekuwa na magoti mawili. Nimekuja kukukopa kichwa."

Alimweleza. Fusi alisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Jumamosi," alisema. "Na leo Jumatatu. Na mimi hata ngazi siwezi kupanda."

"Mimi nitapanda. Wewe kaa chini ufanye unachokiweza sana."

"Nini hicho?"

"Kupiga kelele."

Fusi alicheka hadi akakohoa. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayekumbuka kazi aliyoipenda. "Sikia. Nitakwambia jambo ambalo watu hawalijui. Moto ule wa mwaka jana haukuwa kwenye meko. Ulikuwa ndani ya dohani yenyewe. Kuni mbichi hutoa moshi mzito, moshi unapanda, unaganda ukutani, unakuwa mweusi unaong'aa kama lami ya barabarani. Hiyo lami ni kuni tayari. Siku cheche moja ikiigusa, basi."

"Kwa hiyo ni kweli Mwalimu alikosa?"

"Kuni mbichi zina kosa lao. Lakini masizi ya majira mawili ya baridi hayatoshi kuunguza hivyo. Kuna kitu kingine mle ndani kilichoulisha ule moto. Sijui ni nini. Tutakiona."

Siku hiyo walitengeneza vifaa. Fusi alimtuma akate matawi ya kile kichaka kigumu cha mlimani ambacho hata mbuzi hukipita. Waliyafunga yakawa fungu nene kama kichwa cha ng'ombe, wakaning'iniza jiwe chini yake na kufunga kamba ndefu ya nyasi juu yake. Fusi akaleta kioo kidogo alichonyolea ndevu. Usiku 'Makhauhelo alipiga magoti kando ya kitanda chake akasema sala fupi, maana hakupenda kumchosha Mungu kwa maneno aliyokwisha kumwambia. Alisema, "Bwana, nifunulie kilichomo mle ndani, nipate kukitoa." Hakujua alichokuwa anaomba.

*

Jumanne jua lilipopasha bati na barafu kuyeyuka, alipanda. Suruali ya marehemu aliifunga kiunoni kwa kitambaa, na kamba ya pili ilimzunguka kiuno na kushuka upande wa pili wa paa hadi kwenye nguzo ya zizi. Huko Mwalimu Relebohile aliishikilia kwa mikono miwili, akiwa ameyafumba macho.

"Mwalimu, fumbua macho!" Fusi alifoka. "Unashika mtu, hushiki mkia wa ndoto! Na wewe shemeji, kaa kama umepanda farasi! Mguu huku, mguu kule!"

Ndani, Fusi alikuwa ameziba mdomo wa meko kwa magunia yaliyoloweshwa maji, ili masizi yasijae chumbani. 'Makhauhelo alitoa kwanza kiota cha ndege, kikubwa kama kikapu, na ndani yake ndege wawili wakavu. Kisha akashusha fungu la matawi. Jiwe lilivuta, matawi yakakwaruza, akavuta juu, akashusha, akavuta. Masizi yalipanda yakampiga usoni. Alipiga chafya mara tisa. Watu walianza kukusanyika chini.

"Ee, 'M'e!" mwanamke mmoja aliita. "Umekuwa mweusi kama chungu cha bia!"

"Na chungu ndicho kinachowalevya!" alijibu kutoka juu, na kicheko kikasikika hadi kwa chifu.

Mpaka saa sita walikuwa wamejaza ndoo nne za masizi. Mengine yalikuwa laini kama unga, mengine yalikuwa magamba meusi yanayong'aa. Fusi aliokota gamba moja, akaligusisha njiti ya kiberiti. Lilishika mara moja, likaungua kwa moto wa manjano, likitoa harufu ya lami. Waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka.

"Hii," Fusi alisema, "ndiyo mliyokuwa mnaifuga juu ya vichwa vyenu."

'Makhauhelo aliposhuka, Fusi alimpa kioo. "Kiweke pale chini, ukielekeze juu. Ukiona anga bila kizuizi, dohani imefunguka."

Alipiga magoti ndani ya meko, akakigeuza kioo. Aliona kipande cha anga, cha mraba, cha bluu, safi. Kisha kioo kikayumba mkononi mwake, akaona ukuta.

Mahali pale koo la dohani lilipoanza, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama, ukuta ulikuwa umeliwa. Udongo wa kukandikia ulikuwa umeungua ukabaki vumbi jekundu jepesi, na nyuma yake nyufa za mawe zilikuwa wazi, mmoja ukielekea darini ambako boriti ilikuwa imebabuka. Pembeni, mahali moto haukufika, kipande cha udongo ule wa zamani kilikuwa kimebaki kizima. Kilikuwa na mistari ya vidole. Mistari miwili pamoja, halafu nafasi, halafu mmoja peke yake.

'Makhauhelo akautazama mkono wake wa kulia. Kidole chake cha pete hakikuwa kimekunjuka vizuri tangu alipokivunja akiwa msichana. Hakuna mwanamke mwingine Ha Rantsimane aliyeacha alama ya namna hiyo.

Alikumbuka yote. Miaka mitatu nyuma, shule ilipokuwa inaanza, wanawake walikuja kuipamba nyumba ya mawe. Yeye ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa kukandika. Kuta zake zilitazamwa hata na wapita njia. Aliona nyufa mle ndani ya meko, akasimama humo mikono juu ya kichwa, akazikandika hadi mkono wake ulipokoma kufika. Alizikandika kama alivyofundishwa na mama yake na kama kila mwanamke wa milimani anavyokandika ukuta wake na sakafu yake. Udongo sehemu mbili, samadi sehemu moja.

Samadi. Kijiji kizima kilipikia samadi iliyokaushwa, kikaota samadi, kikachoma vyungu kwa samadi. Naye aliibandika ndani ya dohani, akaisawazisha kwa vidole na kumshukuru Mungu kwa kazi nzuri.

"Shemeji?" Fusi aliinamisha kichwa. "Umeona anga?"

"Nimeona anga," alisema. "Na nimeona mkono wangu."

Fusi alichukua kioo, akatazama kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameacha mzaha. Aliangalia nyuma kama kuna mtu. Mwalimu alikuwa bado anakunja kamba nje.

"Hakuna anayejua," alinong'ona. "Kwangua hicho kipande. Kandika upya. Jumamosi wasifu kazi yako, basi. Mwalimu ameshakiri la kuni mbichi, wala hawakumfunga."

"Hawakumfunga. Lakini kila akipita watu wanasema, huyo ndiye aliyeua ng'ombe."

"Ukisema, Sekake atakula nyama yako. Na watasema, huyu ndiye tumkabidhi dohani? Aliyeichoma?"

Hilo lilikuwa kweli, na 'Makhauhelo alilijua. Akisema, huenda saruji ikaenda juu bila hata kujaribu moto. Akinyamaza, huenda akapata majira yake ya baridi na kusoma kwake.

Alikaa pale juu ya majivu, uso mweusi, machozi yakichora njia mbili nyeupe mashavuni. Hakusali kwa sauti. Alichosema moyoni ni hiki tu: nilikuomba unifunulie, ukanifunulia, sasa nikifunike mimi? Akainuka.

"Hicho kipande chenye alama usikikwangue," alimwambia Fusi. "Kitoe kizima. Kiviringishe kwenye kitambaa."

*

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayelipa. Kukandika alikujua, lakini sasa ilibidi ajue kukandika upya. Alikaa akifikiri juu ya vyungu vya bibi yake. Chungu huchomwa ndani ya rundo la samadi. Asubuhi samadi imekuwa majivu, chungu kimebaki. Basi udongo uliofinyangiwa chungu ndio unaostahimili moto. Alikwenda kwenye kingo za mto, akachimba ule udongo wa mfinyanzi. Akakusanya vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikawa kama mchanga, akachanganya na udongo. Hakutia hata unywele mmoja wa samadi.

"Bibi yako angekuwa Kaburu angekuwa tajiri," Fusi alisema alipolishika donge.

Walikandika koo la meko kwanza, kisha nyufa za darini. Kwa ruhusa ya chifu, Mwalimu aliwasha vijimoto vidogo vya vijiti, kimoja asubuhi na kimoja mchana, udongo ukauke taratibu usipasuke. Fusi alikunja wavu wa waya, wakaufunga juu ya mdomo wa dohani kuzuia cheche zisitoke na ndege wasiingie. Kuni walizipata kwa katekista: mti wa mpopla uliopasuliwa miaka miwili iliyopita, mkavu mpaka vipande viwili vikigongana vinalia kama mbao.

Alhamisi jioni, chumba kikiwa na vuguvugu la kijimoto cha mwisho, 'Makhauhelo alimwomba Mwalimu karatasi.

"Niandike nini, mama?"

"Wewe usiandike kitu. Mimi ndiye naandika."

Aliandika hadi jua likazama, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alifuta mara nyingi hata karatasi ikatoboka mahali pamoja.

*

Jumamosi anga ilikuwa imeshuka, ya kijivu, kimya. Watu walikuja wamejifunika mablanketi mpaka puani. Morena 'Masechele, chifu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliketi kwenye kiti mbele ya mlango. Kando yake kulikuwa na mfuko wa saruji. Ntate Sekake alikuja na punda aliyebeba mabua makavu, akayashusha nyuma ya nyumba, pale pale ardhi ilipokuwa bado nyeusi tangu mwaka uliopita.

"Mnasema ni salama," alisema. "Basi mabua yangu na yakae hapa."

"Ongea, 'M'e," alisema chifu. "Tumeambiwa una neno."

'Makhauhelo alisimama. Alikuwa amevaa vazi lake la sala, kola nyeupe, na mikononi ameshika kitambaa. Alikifungua.

"Morena, na ninyi nyote. Mwalimu Relebohile alisema kosa lilikuwa lake, la kuni mbichi. Kuni mbichi zilikuwepo. Lakini kilichoulisha ule moto ni hiki. Hii ni samadi na udongo, ilikuwa ndani ya dohani. Tazameni vidole." Aliweka mkono wake juu ya alama, na kila kidole kikaingia mahali pake. "Niliikandika mimi."

Kelele zikazuka. Wengine walisema haiwezekani, kila mtu hukandika hivyo. Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Mwalimu alikaa chini ghafla juu ya jiwe.

Sekake alipita katikati ya watu hadi mbele yake. Alikitazama kile kipande cha udongo, kisha akamtazama yeye.

"Mwaka mzima," alisema, "nimemtukana binti wa watu."

"Ndiyo, Ntate. Kwa ajili yangu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua Jumanne. Ningeweza kukikwangua."

"Kwa nini hukukwangua?"

"Kwa sababu ungekuja kuota moto humu ndani, Ntate, nami ningeshindwa kukutazama."

Sekake alimgeukia chifu. "Morena, awashe. Tuone."

'Makhauhelo alipiga magoti mbele ya meko, akapanga kuni, vijiti chini na magogo juu, akawasha. Moto ulishika. Kisha moshi, badala ya kupanda, ukageuka. Ulitoka kwenye meko ukajaa chumbani, mzito, mweupe, na watu waliokuwa ndani wakakimbilia mlangoni wakikohoa.

"Aa!" mtu alipiga kelele nje. "Dohani imekataa!"

"Lete saruji!" mwingine aliongeza, na baadhi wakacheka.

'Makhauhelo alimtafuta Fusi katika ule moshi. Fusi alikuwa ameegemea ukuta, anakohoa, lakini hakuwa na wasiwasi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "dohani imelala na baridi. Hewa ya baridi imekaa juu yake kama mama mkwe. Iamshe."

Hapo alikumbuka namna Fusi alivyomfundisha kuipasha joto hewa ya juu. Alichukua kitita cha nyasi kavu, akakisokota, akakiwasha, akasimama akakisukuma juu, ndani kabisa ya koo, mkono wake wote umo ndani ya dohani. Akakishikilia pale. Joto lilimuunguza nywele za mkono. Moja. Mbili. Tatu. Akasema jina la Mungu.

Kukasikika kitu kama mtu anavuta pumzi ndefu. Moshi wa chumbani ukasita, ukanyooka, ukainama kuelekea mekoni, ukaingia, ukapanda. Moto ukasimama wima.

"Inavuta!" Mwalimu alipiga kelele. "Inavuta!"

Watu wa nje walitazama juu. Kutoka kwenye mdomo wa dohani ulitoka moshi mwembamba, karibu hauonekani, ukapanda moja kwa moja katika anga tulivu. Hapakuwa na ngurumo, wala cheche hata moja. Wakati huohuo theluji ilianza kudondoka, punje moja moja, halafu nyingi.

Walingoja hadi magogo yakawa makaa mekundu. Fusi alieleza, wakati wanangoja, mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miaka sita tangu arudi: dirisha liachwe wazi upana wa kidole, majivu yatolewe kwa ndoo ya bati yakae nje mbali na ukuta siku mbili, na dohani ikianza kunguruma usimwage maji, ziba mdomo wa meko kwa gunia bichi na toka nje. Watu waliuliza maswali. Mzee mmoja aliuliza mara mbili.

Kisha Sekake, bila kuambiwa, alipanda ngazi ya darini. Aliweka kiganja chake juu ya ukuta wa dohani, pale boriti ilipobabuka mwaka uliopita. Alikiacha hapo muda mrefu hata watu wakaanza kunong'ona.

"Haya, Ntate, kunaungua?" chifu aliita.

Sauti ya Sekake ilishuka kutoka darini, kavu, kama ya mtu anayetolewa mwiba. "Vuguvugu, Morena. Kama tumbo la mwanambuzi."

"Na mabua yako?"

Mtu alikimbia nyuma, akarudi na bua moja, jeupe kwa theluji. "Hayajaguswa! Yamelowa tu!"

Shangwe ilipasuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakapiga fimbo chini. "Pula! Pula!" walipiga kelele, maana kwa watu wa milima ile hakuna neno la baraka kubwa kuliko mvua. Mtu aliuinua mfuko wa saruji akauweka begani, akasema unatosha kuziba nyufa za kisima. Theluji iliwasukuma wote ndani, wakajaa chumbani bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu Julai ile, joto la nyumba ya mawe likawa la watu wote.

Morena 'Masechele aliinua mkono. Wakanyamaza.

"Nimeona leo," alisema. "Lakini mimi huulizwa habari ya kesho. Mwaka ujao masizi yatarudi. Nani atasimama na moto huu?"

'Makhauhelo alitoa karatasi kwenye kifua cha vazi lake. Aliikunjua. Akina mama wa Alhamisi walikuwa mstari wa mbele, naye aliyecheka ile siku alikuwa miongoni mwao, akiitazama karatasi kuona imeshikwaje. Ilikuwa imeshikwa sawasawa.

Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti.

"Mimi, 'Makhauhelo wa Ha Rantsimane, naahidi mbele za Mungu, na mbele ya Morena, na mbele ya Ntate Sekake. Kila mwaka, mwezi wa nne, kabla ya theluji, nita..." Kidole kilisimama. Midomo ya Mwalimu ilicheza, lakini haikutoa sauti. "Nita-i-sa-fi-sha. Nitaisafisha dohani hii. Samadi haitaingia humo tena. Kuni mbichi hazitaingia. Nitamfundisha mwingine kabla magoti yangu hayajachoka. Na ng'ombe wangu mwekundu akizaa, ndama ni wa Ntate Sekake, nami mwenyewe nitamfikisha zizini kwake."